Siku Meneja Alipokaa Kwenye Kiti cha Magurudumu

Nyumbani, mezani jikoni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naituma kwa heshima zote na kwa woga kidogo, kwa sababu mara ya mwisho tulipoongea ulikata simu kabla sijaaga. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mzee wako, kile kikohozi kimemwacha, au wameshazoeana? Huku sisi ni wazima. Mume wangu mzima, watoto wazima, na mimi nimenenepa kidogo kwa kuonja mikate, maana bado nipo kwenye kazi ile ile ya kuoka.

Habari kubwa naitanguliza ili mengine uyasome ukiwa umetulia: kaka yako anatembea. Kwa miguu yake mwenyewe, Shangazi. Sasa vuta kiti nikueleze tulivyofika hapo.

Najua uliumia niliposema nampeleka Baba kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ulisema nimemtupa kaka yako akiwa hai. Jibu langu ni hili. Baada ya kiharusi upande wake wa kushoto ulilegea kabisa, na mimi natoka nyumbani alfajiri kwenda kazini. Siku aliyoanguka bafuni nilimkuta mchana bado yuko sakafuni, ameegemea ndoo, ananiomba radhi kwa kumwaga maji. Baba huyu aliyeendesha lori maisha yake yote, ambaye hata akiwa na homa hakukubali kuendeshwa na mtu, ananiomba radhi mimi. Hapo ndipo nilipoamua.

Lakini sikwenda kichwa kichwa. Nyumba ya kwanza niliyoitazama ilikuwa inang'aa kama hoteli, mapokezi yana maua na zulia laini. Nikaomba nikae kidogo ukumbini na wazee. Kulikuwa na bibi ameshika kikombe kitupu, anaomba maji, na wahudumu wanampita mmoja baada ya mwingine, wote wanatabasamu. Nilimletea maji mwenyewe, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Ya pili haikuwa na zulia. Rangi ya kuta imechoka, na mlango wa mbele unalia ukiufungua. Nilifika bila taarifa, saa ya chakula cha mchana, na hakuna aliyenirudisha. Nikatazama kucha za wazee, nikatazama visigino vyao, nikanusa mashuka. Nikamwona mhudumu mmoja mnene, wenzake wanamwita Dada Polepole, amechuchumaa mbele ya mzee ili waonane macho, anamsubiri amalize kutafuna ndipo amuulize kama ameshiba. Moyo wangu ukatulia.

Na kweli mwanzoni Baba alikuwa vizuri. Alinyolewa ndevu, alishikwa mkono kwenda chooni, na kila siku aligombana na mwenzake wa chumbani, kinyozi mstaafu, kama dirisha liwe wazi au lifungwe. Nilikuwa nikisikia ugomvi wao kuanzia koridoni, natembea huku nacheka.

Kisha matroni aliyekuwa akiisimamia nyumba akastaafu, akaja meneja mpya. Wahudumu kadhaa wakaacha kazi na nafasi zao zikabaki wazi. Nikaanza kumkuta Baba kwenye kiti cha magurudumu kila ninapokuja, jua la mchana limewaka na yeye bado yuko kwenye nguo za kulalia. Walimvalisha nepi ingawa haja zake anazijua vizuri, kwa sababu nepi haichukui muda kama kumshika mkono. Walimlisha kwa kijiko wakati mkono wake wa kulia ni mzima. Akaacha kugombana na kinyozi. Halafu akaacha kuongea kabisa.

Siku moja nilimvua soksi nikaona kisigino kimekuwa chekundu, ngozi inaanza kuachia. Kidonda cha kukaa na kulala bila kugeuzwa. Nilijifungia kwenye choo cha wageni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia. Na humo ndani, Shangazi, sauti niliyokuwa naisikia ni yako.

Dada Polepole alinivuta pembeni akaniambia ukweli: wamebaki wawili tu kwa upande wote wa wanaume, na yeye akirudi kwake jioni chakula hakipiti kwa aibu. Nikaenda kwa meneja. Si mtu mkorofi. Ni mwanamke nadhifu, mpole wa maneno. Alinieleza kwamba Baba amefika umri wa kushuka, na kwamba familia nyingi huchelewa kulikubali hilo. Nilitoka ofisini kwake nimekaribia kumwamini, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kisigino.

Nje barazani alikuwepo binti wa kinyozi, pamoja na muuza nyama mmoja ambaye kaka yake anatunzwa pale. Nikawauliza kama na wao wanaona ninayoyaona mimi, au macho yangu yana matatizo. Kumbe kila mmoja alikuwa anameza yake peke yake. Muuza nyama alitaka twende tukavunje meza za ofisi, na kwa mikono ile angeweza. Binti wa kinyozi alitaka tuwahamishe wazee wetu. Mimi nikasema tukiwahamisha, wasio na wa kuwasemea watabaki na nani? Tukakubaliana twende wote watatu, bila kelele, tukiwa na ombi moja tu.

Nililisema mimi. Nilimwambia, "Hatukuombi utuamini. Tunakuomba ukae ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Ukihitaji kitu, omba kama wanavyoomba wao."

Nilidhani atatufungulia mlango tutoke. Akatazama dirishani, halafu akasema sawa, kesho. Kwa hilo nitamheshimu siku zote.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda. Alikuwa amekaa kando ya Baba, kiti kimefungwa breki, mgongo umenyooka, anatabasamu kama anapigwa picha. Alikuwa amewaagiza wahudumu wasimpendelee. Hata wangetaka, wasingeweza. Walikuwa wawili na wazee wa kuogeshwa ni wengi. Jua likaingia dirishani likampiga usoni, hana wa kumsogeza. Akaomba maji, hayakuja. Baadaye akahitaji kwenda chooni. Aliita kwa adabu, akanyoosha mkono, akaita tena. Kinyozi akamshauri aushushe mkono, utamuuma bure. Angeweza kuinuka wakati wowote, Shangazi, miguu anayo. Hakuinuka. Aliuma mdomo, akang'ang'ania kiti, na tabasamu likaisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja kufurahi, na badala yake nikamwonea huruma.

Mwishowe Dada Polepole akaja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akamshika mkono kumwinua. Ndipo Baba, ambaye kwa majuma hatukuwa tumesikia neno lake, akageuza shingo akamwambia meneja, "Wewe umeinuka. Na mimi nataka kuinuka."

Meneja alikwenda huko alikokuwa anahitaji kwenda, akarudi na uso umelowa maji. Hakuelekea ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa Baba, akamshika upande mmoja, Dada Polepole upande mwingine, wakamsimamisha. Miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama. Alishika nondo ya dirisha, akatazama nje kidogo, akakaa. Kinyozi akapiga makofi, na wazee wengine wakafuata hata wasiojua sababu.

Tangu hapo mambo yakageuka. Meneja alikwenda kupambana na wenye nyumba, na nasikia hakuwa mpole kama alivyokuwa kwangu. Wahudumu wakaajiriwa, wawili wa zamani wakarudi. Wasiohitaji nepi wakaacha kuvalishwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja, na Baba anamlalamikia kuwa anamtesa, halafu asubuhi yuko tayari kabla yake. Kisigino kimepona, nimekigusa kwa kidole changu. Alianza kwa fremu ya kutembelea, kitandani mpaka mlangoni, halafu koridoni, halafu bustanini. Sisi wenye wazee tunapishana kwenda, siku yoyote, saa yoyote, na meneja mwenyewe ndiye anayetuhimiza tusiache.

Juzi wakaguzi wa serikali walikuja kupima huduma. Walipotaka kumsikia mzee mmoja, wenzake wote wakamtaja Baba. Wakamwambia anaweza kujibu akiwa amekaa. Alikataa. Alisimama na fremu yake akawaambia wasipoteze muda kutazama mapazia, wawavue wazee soksi. Wakawavua soksi, Shangazi, kitanda kwa kitanda, na visigino vyote vilikuwa salama. Nyumba ikapewa alama ya juu. Meneja alinipigia simu kunipa habari hizo, anashangilia kama msichana aliyefaulu mtihani.

Na leo Baba amekuja kula kwangu. Alishuka garini mwenyewe, akaiacha fremu, akachukua mkongojo, akatembea kutoka getini mpaka hapa jikoni. Majirani walitoka nje kumtazama, na yeye akatembea taratibu zaidi ili wamwone vizuri. Unamjua kaka yako. Nilimuuliza kama sasa anataka kurudi kukaa na sisi. Alifikiri, akasema atakuja kila Jumapili, ila kule ana ugomvi wa dirisha haujaisha na hawezi kumwachia kinyozi ushindi.

Ninapoandika haya amesinzia sebuleni, gazeti limemfunika uso. Kabla hajalala alinipa ujumbe wa kukufikishia. Amesikia kwamba unamtafutia blanketi la zawadi, na anasema unajisumbua. Yeye si mgonjwa wa kufunikwa. Kama unataka kumpa zawadi, mtumie viatu vya kamba, vyeusi, vyenye soli ngumu, kwa sababu alivyo navyo vimeisha kwa kutembea.

Msalimie sana mzee wako, na binamu zangu wote, hasa Kipenzi na yule anayejiita Bosi. Mama Mdogo mwambie simu yangu bado ni ile ile, anisemeshe. Mungu akupe afya, akulainishie goti, atukutanishe sote tukiwa wima.

Binti wa kaka yako, akupendaye hata ukimkatia simu.