Kopo la Shayiri

Jumamosi, 5 Januari 2002
Kondoo wamekula. Makopo mawili ya shayiri kila mmoja. Baridi ya huku Amerat haina mchezo na majani yamekauka yote. Baba alikuwa akiwapa kopo moja tu, lakini Baba hayupo, wiki ya tatu leo, na roho yangu haitulii mpaka nizidishe. Neno lake la mwisho kwangu: yule mwenye masikio meusi ana mimba, usimwache. Alikuwa akigonga kopo mara tatu mlangoni mwa zizi, anakohoa, ndipo anamimina. Mimi sigongi. Nikigonga nitalia.

Jumatatu, 7 Januari
Natawadha alfajiri, nikasikia kopo. Mara tatu. Halafu kikohozi. Nimetoka miguu mitupu. Zizini hakuna mtu, kondoo wanatafuna. Nikajiambia ni masikio yangu. Baada ya swala nikawapa makopo yao mawili.

Jumanne, 8 Januari
Tena. Makubadhi ya Baba tuliyaweka ndani. Leo nimeyakuta mlangoni mwa zizi, yameloa umande. Mtu mzima, kazi yangu wizarani, naogopa kopo la maziwa la kupimia shayiri. Sijamwambia mtu. Mama yuko kwenye eda ya mjane, na Shangazi, dada yake Baba, anamlinda kama mlinzi wa benki. Hata uani hamruhusu. Nikisema, watanisomea dua kama aliyepagawa.

Jumatano, 9 Januari
Masikio Meusi kagoma kula. Tumbo limevimba, anasaga meno. Daktari wa mifugo kasema nafaka imezidi, imechacha tumboni. Nani anampa? Mimi, nikasema. Makopo mangapi? Mawili. Akatikisa kichwa: mawili hayamfikishi hapa. Kamnywesha dawa. Shayiri marufuku, majani makavu tu. Nimeona aibu mbele ya mnyama.

Alhamisi, 10 Januari
Nimejificha nyuma ya tangi la maji. Kaja. Koti la Baba. Kilemba cha Baba. Makubadhi yanaburutwa vile vile. Kagonga mara tatu, kakohoa. Alipoinama kuchota nikaiona mikono. Mikono ya Mama. Shangazi alikuwa bado kwenye mswala.

Nikamshika mkono kabla hajamimina. Hakushtuka.

"Miaka arubaini nnaamka kwa kopo hili," kasema. "Wewe hugongi, mwanangu. N'kadhani huwapi."

Jumamosi, 12 Januari
Masikio Meusi kazaa kabla ya siku zake. Mwana hakupumua. Kondoo mwenyewe yu hai. Nimemzika mdogo nyuma ya zizi. Nimemwambia Mama baridi ndiyo iliyomuua. Kaniangalia, kisha kaingia chumbani. Mimi nilizidisha kwa upendo, yeye kwa upendo. Baba peke yake ndiye aliyejua kipimo. Namchukia kidogo kwa kuondoka nacho.

Jumatatu, 21 Januari
Masikio Meusi anakula. Daktari karuhusu shayiri, kidogo kidogo. Tangu siku ile Mama hatoki. Alfajiri kimya, nyumba nzima.

Leo nimevaa koti la Baba. Nikaenda zizini, nikagonga kopo mara tatu. Nikakohoa. Kikohozi kimetoka chake kabisa. Nikamimina, kopo moja kila mmoja, na Masikio Meusi nusu.

Nilipogeuka, taa ya chumbani kwa Mama ilikuwa imewaka.