Nilivyomtafsiria bibi swali la wageni

Hanifa, uko? Nataka kulia, wallahi.

Wale watalii wangu wa leo, wanawake watatu wa Kizungu niliowapeleka Wadi Bani Khalid, lile bonde la maji huku Oman, wanajiita wachawi. Kwa fahari! Ati mchawi ni mwanamke asiyetawaliwa na mwanamume. Na ati binadamu si bwana wa jiwe wala maji, sote ndugu. Wakayaamkia maji, mikono juu.

Kurudi nikawapitisha Ibra kwa bibi, wanywe kahawa. Nilipomsimulia walivyoyaamkia maji, bibi hakushangaa. "Maji yana wenyewe, lazima uyasalimu."

Mkubwa wao akafurahi, akanambia nimuulize bibi kama na yeye mchawi.

Bibi yangu! Mpemba! Unajua Wapemba walivyosingiziwa uchawi.

Na mimi mjinga nikatafsiri. Hanifa, NIKATAFSIRI.

Bibi akaweka kikombe chini. "Dada yangu walimwita hivyo. Wakamchomea nyumba, naye yumo ndani."

Nikawaambia. Mkubwa wao akasema hata bibi zao wa kale walichomwa, ndiyo maana wanalibeba jina hilo.

Bibi akamtazama. "Muulize, hao marehemu walilitaka?"

Nikalitafsiri na hilo.

Shoga, sisi wajukuu siku zote tuliambiwa huyo dada yake bibi alikufa kwa homa.