Vipande Sita vya Nyama Nyuma ya Tenki

Jumamosi, alasiri. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu hainyeshi.

Sasa hivi tu Doreen, binti yangu wa miaka mitatu kasoro, ameketi mbele ya mbwa wetu Jeki, akamfungua mdomo kwa mikono yote miwili, akamtumbukizia punje ya hindi, akaufunga, akamsugua koo, halafu akampuliza puani. Mie niko mlangoni na beseni la nguo. Mkono wa mtoto ndani ya mdomo wa mbwa. Jeki katulia kama mtu aliyeko kwa kinyozi. Mwisho akajilamba pua.

"Amemeza, mama," Doreen akaniambia, akajifutia mikono kwenye gauni.

Hakumeza. Mtoto alipogeuka tu, Jeki aliitema ile punje taratibu pembeni, kwa adabu zake. Nimemnawisha Doreen kwa sabuni mara mbili, nimemwambia mdomo wa Jeki ni kazi ya mama peke yake, na sasa nimekaa barazani na simu niandike. Nisipoandika nitakwenda kuchungulia sufuria ya mbwa tena, na nimeshaichungulia mara nne.

Ugali uko vilevile.

Mie sikuwaga mtu wa mbwa. Baba Doreen ndiye aliyemleta, kadogo, ndani ya boksi la sabuni, tulipohamia huku Goba nyumba ikiwa haina hata geti. Nilimwambia achague, mie au mbwa. Akacheka, akasema nyumba ni kubwa. Uongo, ilikuwa chumba na sebule isiyopigwa plasta. Ila Doreen alipoanza kusimama, alisimama kwa kushika sikio la Jeki, na Jeki akawa anatembea polepole pembeni yake mpaka mlangoni na kurudi. Toka siku ile sikusema tena neno.

Wiki mbili zilizopita Jeki akaacha kubweka. Watu wanapita, pikipiki zinapita, yeye kalala tu getini, fizi zimepauka kama karatasi. Jumapili iliyopita nikamwita daktari wa mifugo, kijana mmoja mpole anayezunguka na pikipiki yake. Akamshika, akasema ni homa ya kupe. Akamchoma sindano, akaniachia vidonge vya njano, kimoja asubuhi, kimoja jioni, nianze Jumatatu.

"Dada, sindano imemsimamisha tu," akaniambia. "Hivi ndivyo vitakavyomponya. Ukirukaruka dozi atalala tena, na akilala mara ya pili sikuahidi kitu."

Karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti ni Kiingereza kitupu, na mie niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikaiweka pembeni nikachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Jua ni asubuhi, mwezi ni jioni. Nikimpa, nachora mstari. Nilimuuliza daktari nitampaje, akasema mfichie kwenye nyama, mbwa hawana ujanja.

Nikanunua maini. Nikapasua kipande, nikakitia kidonge, nikakibana vizuri. Jeki akakinusa, akaniangalia, akakipokea kwa meno ya mbele kama anavyopokea mtu kitu cha moto, akaenda nacho nyuma ya tenki la maji. Akarudi. Nikachora mstari. Ikawa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano, asubuhi na jioni, mistari sita imenyooka, na mie najiona nesi kabisa.

Bibi, mama mkwe wangu, anakaa nasi tangu mwanawe aende Dodoma kwenye kazi ya kuchomelea. Akawa ananiangalia na vile vipande vya maini.

"Mambo ya mjini," akasema. "Mbwa anakula maini, wakwe wanakula matembele."

"Mama, ni dawa."

"Kwetu mbwa akiumwa anaingia porini anatafuta majani yake mwenyewe. Akirudi, karudi. Asiporudi, hatumwiti."

Jumatano jioni Jeki akaanza kuyumba. Alhamisi asubuhi hakunyanyuka. Nilikuwa nimeshika kipande cha saba mkononi niliposikia Doreen anapiga kelele kutoka nyuma ya nyumba kwamba kuku wa jirani wanakula nyama yetu.

Nikaenda. Nyuma ya tenki, pale udongo ulipo laini kwa sababu ya maji yanayovuja, kuku walikuwa wamechakura. Vipande vya maini, vimefukiwa kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Nikawafukuza kuku nikachimba kwa mkono. Sita. Kila kimoja na kidonge chake ndani, kimevimba kwa unyevu.

Siku tatu. Hakumeza hata kimoja.

Hili sijamwambia mtu, ila naliandika. Nilimtukana. Nilisimama juu yake nikamwambia mshenzi we, basi kufa. Hakuinua kichwa. Aliupiga mkia chini mara moja tu, kwa sababu amesikia sauti yangu.

Nikampigia baba Doreen huku nalia. Akaniuliza nilikuwa nampa kwenye nini.

"Kwenye maini. Wewe mwenyewe sijakupikia maini mwaka huu."

Akaniuliza, vyote kavifukia? Nikasema vyote.

"Mama Doreen," akasema, "huyo hajakataa dawa. Huyo yuko kazini."

Ndipo akanieleza. Mwaka jana nilikwenda kwetu Morogoro kumuuguza mama, nikakaa mwezi mzima na mtoto. Kipindi hicho wezi walipita mtaani kwetu wakawa wanarusha nyama yenye sumu juu ya uzio. Mbwa wa nyumba mbili walikufa, na wiki hiyohiyo nyumba zote mbili zikavunjwa. Basi baba Doreen akaamua kumfundisha Jeki. Alikuwa anapasua nyama, anaipaka shubiri ndani, anamwomba fundi mwenzake ambaye Jeki hamjui aje airushe. Mara ya kwanza Jeki akala, akatapika povu. Mara ya pili akailamba akaiacha. Kufika wiki ya tatu akawa ananusa tu, anaichukua, anakwenda kuifukia ili hata mbwa mwingine asiile.

"Akifukia nilikuwa nampongeza," baba Doreen akasema, sauti imepungua. "Nampigia makofi kabisa."

Halafu kuna lile la sufuria. Alimzoesha asiguse hata chakula chake mwenyewe mpaka aambiwe ruksa. Neno hilohilo, ruksa, na aambiwe na mtu wa nyumbani aliyesimama hapo. Mie sikuwahi kulisema. Niliona ni utani wao wa kiume. Toka baba Doreen aondoke nilikuwa naweka sufuria naondoka, na Jeki anakula nikishaingia ndani, kichwa chini, kama anayeiba.

Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni nilikuwa nampa mtihani, naye anafaulu. Mtu anayempenda anamletea nyama chungu, na yeye, badala ya kunibwekea, anaipokea kwa heshima anakwenda kuizika mbali na mtoto.

Nilikaa pale kwenye tope nikakumbuka soda. Mwaka huu Doreen alikohoa sana, na alikuwa anaikimbia dawa, basi nikaichanganya kwenye soda ya chungwa nikamwambia kunywa mwanangu, soda. Alikunywa funda moja akaniangalia. Hakulia. Aliniangalia tu. Mpaka leo akipewa soda ya chungwa, hata kwenye sherehe ya watu, ananusa kwanza halafu ananitazama usoni. Kifua kilipona siku nyingi. Hilo la soda halijapona.

Nikasema basi, kufichaficha mwisho leo.

Daktari nilipompigia alicheka kidogo kisha akaacha. Akasema nianze upya, siku zihesabiwe toka kidonge kitakachomezwa kweli. Akanielekeza. Mfungue mdomo, kidonge mpaka nyuma kabisa ya ulimi, funga, inua kidogo, msugue koo, mpulize puani. Akijilamba pua, kimeingia. Kisha mmiminie uji mwembamba pembeni ya shavu, kidogokidogo. "Na akianza kula mwenyewe, dada, hapo tumevuka. Mpaka hapo bado."

Kusema ni rahisi. Yale meno nilikuwa sijawahi kuyatazama kwa karibu. Alhamisi jioni nilijaribu, akakitema. Nikajaribu tena, akakitema kwenye kanga yangu. Mara ya tatu kikayeyukia kwenye vidole vyangu, mkono mzima njano. Nikampigia baba Doreen nikaweka sauti ya nje, nikamwambia hebu mwambie wewe ruksa. Akasema. Jeki akasimamisha masikio, kwa shida akajikokota akaenda kutazama nyuma ya simu. Hakuna mtu. Akalala chini akaanza kulia, na huko Dodoma nikasikia baba Doreen anajikohoza. Nikakata.

Usiku huo sikuchora mstari. Nimejiapiza ule ukuta hautaandikwa tena kitu ambacho sikukiona kwa macho.

Jana asubuhi nimejifunga kanga, nimepiga goti mbele ya Jeki na kidonge kwenye kiganja wazi, mara Bibi akatokea, naye kajifunga, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni.

"Shika kichwa, mie nashika makalio," akasema.

"Mama, si ulisema aachwe atafute majani?"

"Porini kwenyewe kuko wapi huku? Kila mahali ukuta. Nimenywesha watoto saba mwarobaini, hakuna aliyenitemea. Haya."

Sikuanza na mdomo. Nilimnusisha. Nikamwambia kama ninavyopaswa kumwambia Doreen, kwamba Jeki, hii ni dawa, ni chungu, sio nyama, sikudanganyi. Nikamwonyesha mikono yangu yote miwili, hamna kingine. Bibi nyuma akasema huyu mkwe wangu kachanganyikiwa. Kisha nikasema lile neno. Nililisema kwa aibu, kama mtu anayevaa koti la mumewe kutoka nje nalo.

"Ruksa."

Akanitazama muda mrefu. Akaachia taya. Nikaingiza mkono, ulimi wa moto, meno yananigusa kwenye mkono na hayabani, kidonge kikafika nyuma, nikafunga, nikainua, nikasugua, nikapuliza. Hakuna kitu. Nikapuliza tena. Nikaanza kusema Mungu wangu ndani kwa ndani.

Akajilamba pua.

Bibi akamkagua mdomo kwa kidole, shavu hili, shavu lile, chini ya ulimi, kama askari wa mpakani. "Kimekwenda," akasema, akaondoka kwenda kunawa, na wala hakusema tena habari za porini. Nikampa uji kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya Doreen. Vitatu vikaingia, viwili vikamwagika. Nikaenda ukutani nikapiga rangi ya mkaa juu ya ile mistari sita ya uongo, nikaanza upya na mmoja.

Jana jioni wa pili. Leo asubuhi wa tatu. Leo hata Bibi sikumwita, nilimpa peke yangu, na Doreen kasimama pembeni anahesabu moja, mbili, nne.

Sasa sijui. Kumeza anameza, ila chakula hajagusa toka Jumatano. Mchana huu kasimama mwenyewe, katembea mpaka kwenye tenki, kanusa pale alipokuwa anafukia, karudi. Nimempikia ugali laini nikaulainisha kwa mchuzi wa dagaa, nimeuweka kwenye sufuria yake, nimekaa hapo karibu nusu saa namwomba kwa maneno yote ninayoyajua, kula baba, kula mzee wangu. Kageuza uso. Hapo ndipo nilipokwenda kwenye nguo, na nilipotoka na beseni nikamkuta Doreen anamtibu kwa mahindi.

Ila nikimfikiria Doreen na ile punje, naona kitu kimoja. Hakumficha. Alimwonyesha kwanza, nilimsikia, alisema Jeki ona, hindi. Ana miaka mitatu kasoro na hilo amelijua kwa kututazama siku mbili. Sijui nilihitaji miaka mingapi mie.

Nimeamua hivi. Jioni kidonge kiko palepale, akila asipokula. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa, mpaka pakiti iishe na ukuta ujae mistari ya kweli. Na Doreen akiumwa tena nitamwambia ni dawa, ni chungu, nitamshika akilia, lakini sitamwambia tena ni soda. Kama Jeki atalala mara ya pili, basi alale akijua kwamba kitu alichopewa na mkono wangu mara ya mwisho kilikuwa ni kile nilichosema. Lakini simwachi alale. Bado sijachoka, mkono wenyewe umeshazoea, na huyu mbwa ana kazi ya kumfundisha mdogo wake Doreen kusimama, akija, ambaye hata baba yake sijamwambia ka—

Bibi ananiita kutoka uani. Mama Doreen, anasema, acha hiyo simu uje, mbwa wako kasimama juu ya sufuria mate yanamdondoka, hali, anatazama mlango tu kama anayedai kitu, anasubiri nini huyu. Hapo hapo nimeelewa neno nililolisahau mchana kutwa kwenye maneno yangu yote yale, nanyanyuka, narudi sasa hivi, nakwenda kumwambia