Gari la Marehemu Baba Nililolipiga Picha Ndani ya Gemu

Mpendwa Dada Sabina, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye gemu na mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, nina duka la kupiga picha za pasipoti na kutoa kopi hapa Ilomba, naishi na mama yangu, na watu wananiheshimu.

Kaka yangu Iqbal alipohamishiwa Dodoma kikazi aliniachia gemu yake ya mashindano ya magari. Kushindana siwezi, kila mara namaliza wa mwisho, lakini siku moja nikagundua kwamba ndani ya gemu ile unaweza kulisimamisha gari katikati ya kona, ukalizunguka kama mpiga picha, ukachagua lenzi, ukainama hadi usawa wa tairi, ukapiga, na tangu siku hiyo nawasha gemu kwa ajili ya picha tu. Nazihamishia kwenye kompyuta ya dukani, nalikata gari, naliweka juu ya barabara zetu nilizozipiga mwenyewe kwa simu, mteremko wa Mbalizi, mashamba ya mpunga karibu na Igawa, nalipaka vumbi, nalipunguzia mng'ao, kisha nalitengenezea kivuli chini ya matairi, maana ukikosea kivuli gari linaelea na picha yote imeharibika.

Picha hizo naziweka mtandaoni kwenye ukurasa wangu unaoitwa Magari ya Nyanda. Mwanzoni niliandika kwamba magari ni ya gemu, wakapenda watu wachache. Halafu siku moja nikasahau kuandika, mtu akauliza, "Hii ni Kitonga?" nikajibu, "Ndiyo, Kitonga," na kweli barabara ilikuwa ya mlima wa Kitonga, ila gari ndilo halikuwepo. Wiki ile wakaongezeka watu elfu mbili. Sikuandika tena habari za gemu, na leo wako elfu kumi na moja, wananiuliza natumia kamera gani, nami nawajibu mambo nusunusu.

Sasa sikiliza. Marehemu baba yangu, Mzee Yunusu, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, akienda na kurudi Iringa kwa gari lake, Pijo 504 ya rangi ya chai ya maziwa. Miaka tisa iliyopita macho yake yalianza kufifia, tukamsihi aache kuendesha, akaondoka nalo asubuhi moja na dereva, akarudi kwa basi, akasema amemuuzia mtu wa vyuma chakavu Makambako. Hatukuuliza zaidi. Ni miaka minne sasa tangu afariki. Mwezi uliopita nililiona gari kama lile ndani ya gemu, nikalipaka rangi ileile, nikaandika namba zake za usajili zilezile, na kwenye kompyuta nikaongeza bonde lililokuwa juu ya taa ya kushoto, pale alipoligongesha kwenye geti letu. Nikaliweka likipanda mlima wa Ipogolo kuingia Iringa mjini. Nilipomaliza nililitazama nikalia kidogo, kisha nikaliposti na kuandika, "Leo Ipogolo."

Baada ya siku nne nikapata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, nami naunakili kama ulivyo: "Binti, salaam. Mimi ni Mzee Asukile, nina gereji Igawa. Mjukuu wangu amenionyesha picha yako. Gari hilo nimewekewa amana, liko uani kwangu chini ya turubai. Ufunguo anao fundi wangu Philbert, na wiki hiyo aliniaga kwamba anakwenda Iringa msibani. Nimemuuliza amekataa, nimemfukuza. Naomba uniambie ulilipiga siku gani na nani alikuwa anaendesha, niende na maelezo hayo polisi."

Dada Sabina, niliusoma ujumbe huo nimesimama, nikakaa. Gari la baba lipo. Halikukatwa vyuma. Amewekewa amana na nani, na kwa nini baba alituambia ameliuza? Tangu hapo silali vizuri wala sili vizuri, nikikata picha ya mteja namkata na sikio. Mama ananiuliza, "Kuna nini kwenye hiyo simu?" Namwambia ni wateja.

Leo ni siku ya tisa sijamjibu yule mzee. Najua Philbert hana kosa. Lakini nikisema picha ni ya gemu, mzee atakasirika, atanifungia mlango na sitajua kamwe habari ya gari, na ukurasa wangu utakuwa kichekesho. Nimewaza nimwandikie kwanza kwa upole, nimuulize amana hiyo ni ya nani na ilifikaje kwake, nikishajua yote ndipo nimwambie ukweli. Je, hilo ni kosa? Na mama nimwambie au nimwache na amani yake? Jina langu unaweza kulitaja, huko Igawa watalijua tu.

Asmaa Yunusu, Ilomba, Mbeya

JIBU LA DADA SABINA

Asmaa, barua yako imenifikia Jumatano asubuhi, na kwa kuwa kuna mtu amepoteza kazi, sikungoja siku ya gazeti. Nimekupigia na kukusomea jibu hili lote neno kwa neno, ukaniambia, "Nimesikia, dada." Sasa nalichapa, maana wanaorusha picha mtandaoni ni wengi na wewe si wa kwanza kunasa kwenye kamba yako mwenyewe.

Nakupa pole ya baba. Mtoto anayekumbuka bonde la juu ya taa ya kushoto alimpenda baba yake, na sina neno baya juu ya hilo.

Kwa mengine, umenikera. Wafuasi wako umewahesabu hadi wa mwisho, ila fundi mmoja aliyekaa nyumbani kwake siku tisa anaitwa mwizi umemwandika kwa mstari mmoja, "najua hana kosa". Ukijua mtu hana kosa na unao mdomo wa kusema, kila siku unayonyamaza ni wewe unayemfukuza. Mzee Asukile alikosea mara moja kwa kutojua. Wewe umekosea mara tisa kwa kujua.

Unauliza kama unaweza kupata habari za gari kwanza halafu ukiri. Hapana. Nakuelewa, hamu ya kujua ni kama kuwashwa, ukijikuna unataka tena. Lakini yule mzee atakuwa anamfungulia moyo mpiga picha aliyesimama Ipogolo, na mtu huyo hayupo. Siku atakapogundua, hata yale ya kweli aliyokwambia atatamani ayarudishe.

Basi mpigie. Usiandike, piga, asikie sauti. Mwamkie, jitambulishe kwamba wewe ni binti wa Mzee Yunusu, kisha sema mambo haya kabla ya swali lolote: picha uliitengeneza wewe kwa gemu na kompyuta, gari halikutoka uani, Philbert hakuligusa. Mtumie na picha ya mwanzo kabla hujaiweka barabarani, aone kwa macho yake. Halafu omba namba ya Philbert, umwendee kwa miguu yako.

Kwenye ukurasa andika hayohayo, na kuanzia leo chini ya kila picha useme wazi: gari la gemu, barabara ya kweli. Watakaoondoka waende. Kipaji chako si dhambi. Mchoraji naye huchora gari lisilokuwepo, ila hasimami kuapa kwamba limepita Kitonga.

Na mama yako mwambie leo. Usiende Igawa peke yako kuchimba siri ya mume wa mtu. Alikuwa mke wake kabla wewe hujawa binti yake. Akitaka kwenda, mwende pamoja. Akikataa, mwache akatae, usimbembeleze.

BARUA YA PILI, SIKU KUMI BAADAYE

Dada Sabina, nilipiga siku ileile. Niliyasema yote kwa pumzi moja, na upande wa pili nikasikia mtu anagonga bati.

"Kwa hiyo gari halikutoka," akasema Mzee Asukile.

"Halikutoka, mzee."

"Na Philbert hakulichukua."

"Hakulichukua. Nisamehe."

"Mwanangu, nilimwita mwizi mbele ya watu. Wewe una kosa lako, na mimi nina langu." Kisha akauliza, "Mzee Yunusu hajambo? Mbona alinitupa? Nikipiga simu yake haipatikani."

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Ilibidi mimi nimpe taarifa ya msiba, miaka minne imepita, na yule mzee akalia kwenye simu kama aliyefiwa jana.

Philbert nilimkuta Mbalizi, ameshapata gereji nyingine. Nilimwonyesha kila hatua, gari likiwa ndani ya gemu, gari lisilo na barabara, mwisho Ipogolo. Aliisogeza karibu akauliza kile kivuli nilikifanyaje. Nikamweleza. Kisha akasema, "Nimesamehe, ila kwa mzee sirudi. Andika jina langu kamili huko mtandaoni, kwamba sikuiba." Nimeandika. Mia tisa hivi wameondoka, wengine wamenitukana. Wapo pia wanaouliza wajifunzeje.

Mama nilimwambia jikoni. Aliosha mikono akaniuliza tunakwenda lini. Tukapanda basi kwenda Igawa.

Mzee Asukile alifunua turubai, na gari lilikuwa pale, vumbi tupu, bonde juu ya taa. Akatueleza kwamba baba alilileta mwenyewe na dereva wa kukodi, akamwambia, "Nyumbani nitasema nimeliuza. Likikaa uani kwangu nitaliendesha, na nikiliendesha nitaua mtu." Baada ya hapo kila miezi miwili au mitatu alikuja kwa basi, akakaa kwenye usukani, Philbert akawasha injini, baba akasikiliza. Alikuwa anasema macho yamegoma lakini masikio bado yanaendesha. Kisha anarudi Mbeya.

Mama akauliza, "Alikuwa anakuja siku gani?"

"Alhamisi, mara nyingi."

Mama akafungua mlango wa abiria, akaingia, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Nilimfuata nikachuchumaa pembeni yake.

"Miaka mitano nilijua ana mke hapa Igawa, tiketi za basi nilizikuta mfukoni mwake," akasema, hanitazami. "Alhamisi anaoga mapema, anavaa kanzu safi, ananiambia anakwenda kudai wateja wa vitenge. Akirudi jioni ana furaha kama bwana harusi. Sikumuuliza. Nilisema akitaka ataniambia. Amekufa sijamuuliza, na siku ya msiba nilikuwa nakagua wanawake wote waliokuja, natafuta ni yupi."

Mzee Asukile alijifanya anakunja turubai.

Mama alipitisha kiganja kwenye dashibodi, akakitazama kimejaa vumbi, akakifuta kwenye mtandio wake. Mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka aliponigeukia.

"Kumbe mke mwenzangu," akasema, "ndiye huyu."