Kikohozi cha Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Hapa Magomeni hatujambo. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama umerukwa na akili, kwa kuwa ulipotembelea mji mkongwe ule wa kilimani, juu ya bahari ya ugenini, ulimsikia babu yako akikohoa nyuma ya mlango uliofungwa, nasi tumeshamzika.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, mama alinituma Kariakoo kurudisha sahani ya shoga yake. Tuliijaza vitumbua, maana sahani ya watu hairudi tupu. Nikapiga hodi, sauti ya shoga yake mama ikaitika kutoka chumbani.

"Karibu, mwanangu. Weka hapo ukumbini."

Nikaweka, wala sikumwona mtu. Nje nikakutana na bintiye, anarudi safari na furushi kichwani.

"We, umeingiaje? Mlango niliufunga mwenyewe."

"Mama yako amenikaribisha, dada."

"Mama tumemzika juzi, Rufiji."

Nilidhani atanigombeza. Akanishika mkono, akauliza taratibu, "Alikuwa bado anahema kwa shida?"

"Hapana. Alikuwa kama anacheka."

Akakaa kizingitini, akalia mpaka akatulia.

Kwa hiyo sikuulizi kama ulisikia kweli. Niambie tu, mama: kikohozi kile, kilikuwa bado kinamuumiza?

Bibi yako