Nyonga Haikuwa Yangu, Msamaha Nikautoa Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu hapa kijijini kila ninayemuuliza ananijibu yaliyopita si ndwele, na mimi yaliyopita ndiyo yananila. Naitwa Wadia, ni Mkopti, yaani Mkristo wa huku Misri, napika asali ya miwa upande wa mji wa Mallawi. Mwaka jana ulizuka uvumi kwamba nyumba tunayosalia tunataka kuigeuza kanisa bila kibali, wakaja watu na marungu, wakaichoma, na baba yangu mzee Bushra aliyesimama mlangoni kuwazuia wakamvunja nyonga, na waliomvunja tunawajua kwa majina, maana asali wananunua kwetu tangu utotoni. Polisi wakawakamata wanne, kisha ili mizani ikae sawa wakamkamata na mdogo wangu Nashaat, ambaye siku hiyo hata kijijini hakuwapo, na afisa akaniita akaniambia, "Wewe mtu mwelewa, Wadia. Kaeni kikao mpatane, kila nyumba irudishiwe kijana wake." Nikakimbilia kwa padri wetu, Abuna Bisenti, naye akasema, "Mwanangu, serikali imewekwa na Mungu. Tukigombana nayo tutakimbilia wapi?" Basi nikaenda, nikaweka sahihi kwamba familia yetu imefuta mashtaka, nikapigwa busu shavu hili na hili na yule yule aliyemvunja baba, watu wakapiga makofi, na Nashaat akaachiwa.

Nilipomweleza baba pale kitandani akaniuliza neno moja tu, "Nyonga ilikuwa yako?" Tangu hapo ananiitikia salamu, basi, na Nashaat naye haniangalii usoni.

Sasa watu walewale wamechoma duka la mjane Demiana, jirani yangu, na mmoja wao tulipokutana sokoni akanicheka, "Ehe, mzee wa maridhiano! Andaa shavu!" Demiana amekataa kikao, anakwenda kwa mwendesha mashtaka mjini, na anataka nifuatane naye nikaseme ya kwake na ya baba, hata jinsi afisa alivyonibana. Abuna anasema nitakuwa nimeasi mamlaka na kuwaletea waumini moto mwingine, mke wangu analia, nami nabaki najiuliza, Mkristo akimshtaki afisa wa serikali, je, amemwasi Mungu?

*

Kaka Wadia, pole. Ndugu yako alikuwa ndani, na mwenye ndugu ndani hana raha ya kufikiri. Kwa hilo sikugombezi.

Nakugombeza kwa jingine. Mzee alikuwa nyumbani, akili timamu, mdomo anao, nawe hukumuuliza. Ulimsamehe mtu kwa maumivu ya mwingine! Kusamehe ni kwa aliyeumizwa. Wewe ulitoa sadaka ng'ombe wa jirani.

Na hiyo serikali uliyoitii ni ipi? Afisa aliyemfungia asiye na kosa ili kesi isiandikwe? Huyo ndiye aliyeiasi sheria; ofisi ya mwendesha mashtaka ndiyo serikali, nawe uliipita mlangoni ukaenda kupiga busu. Mtume Paulo, huyo huyo aliyetufundisha kuwatii watawala, alipochapwa bila hukumu kule Filipi wakubwa walitaka kumtoa gerezani kimyakimya. Alikataa. Alisema wao wenyewe waje wamtoe, na walikuja. Je, naye aliasi? Mwambie Abuna hivyo, kwa adabu, ukiwa umemshika mkono, maana naye anaogopa kwa ajili ya watu wake na hofu yake si ya uongo.

Sikudanganyi kwamba kutakuwa salama. Huenda wakaja tena. Lakini duka la Demiana limeungua hata baada ya busu lako. Wamejifunza kwamba kuchoma kwetu hakuna hasara.

Tafuteni wakili Mallawi kabla ya kusema lolote, na msiende wawili tu. Nashaat naye aende akaeleze alivyokamatwa. Atakuangalia usoni akiwa na kazi ya kufanya. Ila kwanza ingia chumbani kwa baba. Usimwombe akuelewe. Muulize swali ulilopaswa kumuuliza mwaka jana: "Baba, wewe unataka nini?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Akisema anataka kwenda kusema mwenyewe, mbebe.

Asiposema kitu, nenda hivyo hivyo. Mjane asiingie mle ofisini peke yake.