Pumzi ya Baba Mtungini

Pasirawi,
Sumedang,
Java Magharibi.

20 Oktoba, 2023.

Mpendwa Kaka Yayan,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Taichung, na kwamba ule mkono ulioungua kiwandani umeshapona. Je, unakula vizuri? Mama huniuliza hilo kila jioni, kana kwamba ninaliona sufuria lako. Sisi hatujambo. Bibi Icih analalamikia magoti, ila sauti yake haijapungua hata kidogo.

Mvua bado haijaamua. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye mihogo, hukaa kama mgeni mwenye haya, kisha huondoka bila kuacha hata tone.

Arobaini ya Baba ilisomwa vizuri. Majirani walijaa mpaka barazani, na Bi Eulis alikaanga tofu hadi mafuta yakamwishia. Jina lako lilitajwa katika dua.

Sasa Kaka, kuna jambo nimeshindwa kulisema kwa simu. Simu huchuma maneno yakiwa mabichi. Siku ya tatu baada ya maziko ulipiga simu ukasema, "Bunduki ya Baba mtu asiiguse mpaka nirudi." Nimeigusa. Mara zote ulizopiga simu tangu hapo nilikuwa nazungumzia mihogo. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Mchana wake wa mwisho Baba aliujaza mtungi wa ile bunduki hewa ya kusukuma risasi, ili Jumapili aende nayo kwenye kiwanja cha shabaha. Mimi ndiye niliyehesabu mivuto ya pampu. Kila akifika hamsini alipumzika pampu ipoe, akanywa kahawa. Nilipomwambia aharakishe alicheka: "Pampu na mzee ni mamoja, binti. Ukiwakimbiza wanatoa jasho, na jasho la pampu ni kutu ndani ya mtungi." Mshale wa kipimo uliposimama kwenye mia na tisini, aliifuta kwa kitambaa, akaitundika ukutani. Jumapili hakuifikia.

Baadaye, nguo zake zilipokwisha kufuliwa na harufu yake kutoweka kwenye mto, niliutazama ule mshale. Mia na tisini. Hapo ndipo nilipotambua, Kaka. Hewa iliyokuwa mle mtungini aliivuta yeye, kwa mikono yake, kutoka katika ua wetu, siku ile. Kila kitu chake kilikuwa kimepita, lakini mchana ule ulikuwa bado umo mle ndani, umebanwa, unangoja. Nikawa nakaa chini ya bunduki kila alasiri, baada ya sala, nikiutazama mshale kama mtu anayemtazama aliyelala.

Kisha mshale ukaanza kushuka. Mia na themanini. Siku ya arobaini, mia sitini na tano. Nilichukua povu la sabuni nikapaka kila kiungo, na kwenye mdomo wa mtutu nikaliona: povu lilivimba polepole, likapasuka, likavimba tena. Baba alikuwa anatoka, povu baada ya povu.

Nilichanganyikiwa. Nikakimbilia mafuta ya cherehani ya Mama, nikidhani yataziba. Bahati nzuri Mjomba Engkos alikuwa anaingia mlangoni.

"Wewe msomi! Weka chini hayo mafuta! Mafuta ya namna hiyo na hewa iliyobanwa hulipuka. Unataka kumfuata baba yako leo hii?"

"Engkos, ulimi wako!" Mama akapaza sauti kutoka jikoni.

"Ulimi wangu umemwokoa mwanao, dada."

Akaweka sikio karibu na vali, ule mlango wa hewa, akasikiliza kama daktari. Akasema haijaharibika, imekaa mno. Vali isiyofanya kazi hushika vumbi, ikawa haifungi sawasawa. Dawa yake ni kuifyatua bunduki mara kadhaa, ijikalie upya.

Nikamwambia siwezi, na kwa nini siwezi. Nilitegemea atacheka. Aliangalia kitako cha bunduki alichokichonga mwenyewe, pale palipong'arishwa na shavu la Baba. Kisha akasema, "Ukiiacha ukutani, itakwisha yote bila wewe kusikia chochote. Chagua."

Nilikupigia simu mara mbili kukuomba ruhusa, ulikuwa zamuni. Mshale haukungoja.

Jumapili nilikwenda naye kiwanjani. Kwanza alinifundisha yale ambayo Baba alikufundisha wewe na mimi nikawa nasikiliza dirishani: mtutu usimwelekee mtu hata kama hakuna risasi, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari, tazama kilicho nyuma ya shabaha kabla ya shabaha yenyewe. Halafu pumzi. Vuta, toa nusu, nusu ibaki. Katika ule ukimya wa nusu pumzi ndipo unapofyatua.

Yule Dudung, fundi wa redio, alikuwepo na domo lake. "Engkos, umetuletea mpwa wako aje kutuombea dua? Binti, hiyo ni darubini ya kulengea, si kioo cha kupakia poda!"

Shabaha yangu ilikuwa kuku wa chuma, mdogo kuliko kiganja, umbali wa hatua thelathini. Nilikosa, Dudung akadakia: "Kuku hajambo, anakusalimu!" Walicheka wote.

Kaka, haikulia kama bunduki. Ilishusha pumzi tu, kama mtu anayetua mzigo. Nilitarajia harufu ya kahawa. Haikuwapo. Nilifyatua tena, na tena, na kila mara nilijiambia, hii nayo imekwenda. Ya nane, yule kuku alianguka. Dudung akavua kofia. "Haya basi. Hiyo ni damu ya marehemu Suhada, baba yake."

Nilifyatua mpaka mshale ukafika mia moja. Nyumbani nikapaka sabuni tena, nikangoja. Povu halikuvimba. Kesho yake mshale ulikuwa palepale. Siku ya tatu, palepale.

Mjomba aliponiambia niijaze, nilimuuliza kama inabidi kwanza niimwage hewa iliyobaki. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mchana una jua. "Nani amekwambia humwagwa? Mtungi hauachwi mtupu. Unaongezea juu ya iliyopo."

Juu ya iliyopo. Nikaishika pampu.

Mimi ni mwepesi, nililazimika kuilalia pampu kwa kifua. Mama alitoka jikoni bila kuitwa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuhesabu. Kila hamsini nilipumzika. Alinipa kahawa katika kikombe cha Baba. Mshale ulipofika mia na tisini, nusu ilikuwa yake, nusu yangu. Nimeijaza mara mbili tangu hapo, kila mara mshale ukiwa kwenye mia. Iliyobaki yake sasa ni nusu ya robo. Utakaporudi itakuwa nyembamba kuliko unywele, lakini nusu ya nusu haifiki sifuri, Kaka. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi.

Nimelivunja neno lako. Ningelitii, ungekuta bunduki safi na mtungi mtupu. Hata hivyo nakuomba radhi, maana hewa ile ilikuwa yako pia na niliitumia bila wewe.

Ukirudi usifyatue kwanza. Shika pampu, weka pumzi yako juu ya zetu.

Bibi Icih, Mjomba Engkos na Bi Eulis wanakusalimu sana. Hata Dudung amesema nikusalimu, ila usimjibu. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, na akurejeshe mlango huuhuu uliotokea.

Mama naye anakusalimu. Anasema zamu yako ya pampu ikifika, atahesabu yeye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayengoja msamaha wako,

Ineu